Anyurizimu ya Milimita 6 Kichwani: Nipitishiwe Mrija, Nipasuliwe, au Nisubiri?

*Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina miaka 47. Mwezi uliopita nilianguka kwenye bodaboda nikapigwa picha ya CT ya kichwa. Hakukuwa na madhara ya ajali, lakini daktari aliona kitu, nikarudishwa kupigwa picha nyingine ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa. Majibu yanasema nina anyurizimu ya milimita 6 kwenye mshipa unganishi wa nyuma, upande wa kushoto, na haijapasuka. Nina presha kwa miaka kama minane. Dawa nameza, ila nikijisikia vizuri huwa naacha. Mama yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 58; asubuhi alilalamika kichwa, jioni hatukuwa naye tena, na hakupimwa. Ndugu wanasema nina bomu kichwani na wameanza kuchanga nipelekwe India. Shemeji yangu anasema siku hizi hawapasui kichwa, wanapita mkononi au kwenye paja, wanaziba, na kesho yake unatoka. Mwingine anasema nisiguswe kabisa. Je, hiyo njia ya kisasa ni bora kuliko kupasuliwa? Nina haraka kiasi gani? Niache kuimba kwaya na kubeba ndizi? Kichwa kinaniuma tangu siku ile na silali.*

Marahaba, mwalimu. Pole kwa ajali, na pole kwa usiku unaokesha, maana barua yako inaonyesha kwamba karatasi ya majibu imekuumiza kuliko bodaboda yenyewe. Ukiyaweka kando maneno ya ndugu na mashemeji, unaniuliza mambo matatu: kama maisha yako yako hatarini leo, kama kupitisha mrija ndani ya mishipa ni bora kuliko kufungua fuvu, na kama huna budi kusafiri. Nitayajibu yote. Lakini liko la nne ambalo umelitaja kwa kupita tu, nalo ni hizo dawa za presha unazoziacha kila unapojisikia vizuri. Utaona mbele kwamba hilo ndilo litakaloamua, kwa sehemu kubwa, hata aina ya tiba inayokufaa.

Anyurizimu ni sehemu ya ukuta wa mshipa wa damu iliyotuna kama puto; si saratani, wala si donge la damu iliyoganda, na kwa mahali ilipo yako sioni sababu ya kuilaumu bodaboda. Chini ya ubongo mishipa mikubwa inayopeleka damu huungana na kufanya duara, na mshipa unganishi wa nyuma, wenye anyurizimu yako, ni mmoja wa viunganishi vya duara hilo. Kwenye duara hilo kuna njia panda nyingi. Kila moyo unapopiga, damu hugonga pale mishipa inapogawanyika. Kuta za mishipa ya ndani ya fuvu ni nyembamba kuliko za mishipa ya mkononi au shingoni, tena mishipa hiyo imezungukwa na maji ya ubongo badala ya nyama ya kuishikilia. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi ya kugongwa hivyo, tabaka imara la ukuta huchoka na ukuta ukaanza kutuna. Ukiwahi kuona mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza pale tairi lilipochanika, umeona jambo lenyewe. Presha iliyoachwa juu na uvutaji wa sigara ndivyo vinavyouchosha ukuta huo zaidi. Urithi nao una sehemu yake, na wanawake hupata tatizo hili kuliko wanaume.

Sasa kuhusu bomu. Takriban watu wazima 3 katika kila 100 wanatembea na anyurizimu kichwani, na walio wengi watazeeka na kufa kwa sababu nyingine bila kujua kwamba waliwahi kuwa nayo. Yako imeonekana kwa sababu ulipigwa picha. Anyurizimu ndogo kiasi hicho kwa kawaida haiumi. Maumivu unayoyasikia yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ni ya kishindo cha kuanguka, ya misuli ya shingo, ya presha, na ya kukosa usingizi. Tumia paracetamol kwa kipimo chake, na uachane na diclofenac na ibuprofen, kwa kuwa hupandisha presha. Hata hivyo, kwa kuwa uliumia kichwa mwezi uliopita, yakizidi siku hadi siku, au yakija na kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida au udhaifu wa upande mmoja, rudi hospitali upigwe picha tena, kwani damu ya ajali huweza kuvuja polepole na kuonekana baada ya wiki kadhaa. Hilo ni tatizo jingine kabisa na lina tiba yake.

Hatari ya kupasuka hukadiriwa kwa ukubwa, mahali, umbo, umri, presha, na kama mtu aliwahi kuvuja damu kwa anyurizimu nyingine. Ukubwa wako uko chini ya milimita 7, jambo ambalo ni zuri. Mahali pako si pazuri sana: anyurizimu za mshipa unganishi wa nyuma hupasuka kirahisi kuliko nyingi za ukubwa uleule zilizo sehemu nyingine za mbele. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003, anyurizimu zisizofika milimita 7 katika kundi linalojumuisha mshipa wako zilipasuka kwa watu 2.5 kati ya 100 ndani ya miaka 5. Kipimo kingine ambacho madaktari hukitumia sana leo, chenye kujumlisha alama za umri, presha, ukubwa na mahali, kingekuweka kwenye 1.3 kati ya 100 kwa muda huohuo. Kwa hiyo tunazungumzia mtu mmoja mpaka watatu kati ya 100 katika miaka 5, na waliofuatiliwa walikuwa zaidi watu wa Amerika Kaskazini, Ulaya na Japani, kwa hiyo kwetu namba hizi ni mwongozo na si hukumu. Zipo sababu mbili za kuisogeza hatari yako juu kidogo ya hapo: presha isiyodhibitiwa, na kifo cha mama yako, ambacho kwa maelezo yako huenda kilitokana na jambo hilihili. Ipo pia sababu ambayo siwezi kuipima bila kuona picha. Kama juu ya anyurizimu yako kuna kinundu kidogo kilichochomoza, yaani kama haina umbo la mviringo laini, hatari huongezeka. Karatasi ya majibu mara nyingi hailisemi hilo. Picha zenyewe ndizo zinazolisema.

Ninachokusihi usikielewe vibaya ni hiki: uwezekano ni mdogo, lakini tukio lenyewe ni zito. Anyurizimu ikipasuka damu humwagika kuzunguka ubongo, na theluthi moja ya wagonjwa au zaidi hufariki, huku wengi wa wanaopona wakibaki na upungufu wa kumbukumbu, nguvu au kazi. Kwa mtu wa miaka 80 hatari ya mtu mmoja au wawili kati ya 100 kwa miaka 5 ningeiacha bila kuigusa. Wewe una 47. Mbele yako huenda kuna miaka 30 au zaidi, na hatari hiyo hujilimbikiza. Ndiyo maana anayekwambia usiguswe kabisa amekosea, na anayekwambia upande ndege wiki hii amekosea pia.

Shemeji yako amesoma vizuri, ila amesoma nusu. Njia ya ndani ya mishipa ipo na imeendelea sana. Mizizi yake ni ya zamani: Egas Moniz, daktari wa Lisbon, ndiye aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba mishipa ya ubongo inaweza kuonekana kwenye eksirei baada ya kuingizwa dawa. Mwaka 1937 Walter Dandy, kule Baltimore nchini Marekani, alifungua fuvu na kubana shingo ya anyurizimu kwa klipu ya chuma, na upasuaji huo, ukiwa umeboreshwa kwa darubini na klipu za titani, unafanyika hadi leo. Kisha mwaka 1990, mjini Los Angeles, Muitaliano Guido Guglielmi na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa koili, yaani uzi mwembamba uliosokotwa, ya platinamu inayoachanishwa na waya wake kwa mkondo mdogo wa umeme. Tangu hapo mambo yamekwenda mbio.

Niieleze kazi yenyewe, kwa sababu watu huidhania kuwa kama kuchoma sindano. Mgonjwa hulazwa usingizi kabisa, kwani kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo. Daktari hutoboa mshipa kwenye kifundo cha mkono au kinenani na kuingiza mrija mwembamba, yaani katheta, anaoupandisha kupitia mshipa mkuu wa kifuani hadi shingoni huku akiangalia njia kwenye skrini ya eksirei. Ndani ya mrija huo hupitishwa mwingine mwembamba zaidi, ambao unene wake haufiki milimita moja, na ncha yake huingizwa kwenye tundu la anyurizimu. Hapo ndipo ukumbi wote hunyamaza, kwa sababu ncha hiyo iko ndani ya ukuta ambao ungeweza kuutoboa. Koili laini ya platinamu husukumwa taratibu, ikajikunja yenyewe na kufuata umbo la tundu. Ikikaa vizuri huachanishwa na waya wake, ikikaa vibaya huvutwa nje na kuanza upya. Huongezwa nyingine, na nyingine, mpaka damu isipate tena nafasi ya kuzunguka mle ndani, nayo iliyobaki ikagande. Mgonjwa ambaye anyurizimu yake haikuwa imepasuka mara nyingi huondoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Hapo shemeji yuko sahihi.

Shida ya koili ni shingo pana. Kama mdomo wa anyurizimu ni mpana, koili zitateleza na kurudi kwenye mshipa mkuu. Kwa ajili hiyo yamebuniwa mambo kadhaa. Kwanza, puto dogo linalovimbishwa kwa muda mbele ya mdomo wakati koili zinapangwa, kisha likaondolewa. Pili, stenti, ambayo ni mrija wa wavu unaoachwa ndani ya mshipa uzishikilie koili. Tatu, kifuko cha wavu kinachofunguka ndani ya tundu lenyewe, kinachofaa zaidi anyurizimu za njia panda zenye mdomo mpana. Nne, na hili ndilo lililobadilisha fikra za wengi, wavu uliofumwa kwa karibu sana unaowekwa kwenye mshipa mkuu bila kuingia kabisa kwenye anyurizimu. Huo hugeuza mkondo wa damu: damu inaendelea mbele, iliyomo kwenye tundu inadumaa na kuganda, na baada ya miezi kadhaa mshipa hujijengea ngozi mpya ya ndani juu ya wavu. Ulianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa anyurizimu kubwa zenye mdomo mpana, zile ambazo zamani tulizitazama tu. Katika utafiti uliouthibitisha, karibu robo tatu ya anyurizimu zilikuwa zimejifunga baada ya miezi 6, na zaidi ya asilimia 85 baada ya mwaka mmoja. Ona kwamba haifungi siku ileile.

Hapa ndipo dawa zako za presha zinaporudi. Mtu yeyote anayewekewa stenti au wavu wa kugeuza mkondo ana chuma ndani ya mshipa wa ubongo, na damu hupenda kuganda juu ya chuma. Kwa hiyo hupewa dawa mbili za kuzuia kuganda, kwa kawaida aspirini na clopidogrel, kuanzia siku kadhaa kabla ya tiba, na kuendelea kwa miezi, mara nyingi kati ya mitatu na sita au zaidi, na baada ya hapo aspirini peke yake kwa muda mrefu. Hazina siku ya mapumziko. Aliyewekewa wavu akaacha vidonge kwa sababu amejisikia vizuri, au vimekwisha na duka la dawa lililo karibu halina, au aliyemng'oa jino amemwambia aviache bila kumuuliza daktari wake, anaweza kuziba mshipa mkuu na kupata kiharusi kizito kuliko hata hatari aliyoikimbia. Tena wapo watu ambao miili yao haiibadilishi clopidogrel ifanye kazi inavyopaswa, hivyo hospitali nyingi hupima damu kwanza na kubadilisha dawa inapobidi. Mwalimu, sikusemi. Nusu ya wagonjwa wangu wa presha wangeandika sentensi uliyoandika wewe kama wangekuwa wakweli kama wewe. Lakini kwa mtu ambaye bado hajazoea kumeza kidonge kila siku, mimi nisingekubali kumwekea wavu mpaka ameonyesha kwamba anaweza.

Habari njema ni kwamba kwa ukubwa na mahali pa anyurizimu yako huenda wavu hauhitajiki kabisa. Kama mdomo wake ni mwembamba, koili peke yake au kwa msaada wa puto hutosha, na dawa mbili za muda mrefu huwa si lazima. Yapo maumbile mengine ya kuangalia. Kwa baadhi ya watu mshipa unganishi wa nyuma ni mkubwa, na ndio unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa hao wavu wa kugeuza mkondo haufanyi kazi vizuri, kwa kuwa damu inaendelea kuvutwa kupita mdomo wa anyurizimu, na mshipa huo hautakiwi kuzibwa kwa namna yoyote. Yote hayo husomwa kwenye picha kabla mtu hajaguswa.

Kisha kuna klipu, ambayo shemeji ameitaja kana kwamba imepitwa na wakati. Haijapitwa. Anyurizimu ya mahali pako ni miongoni mwa zile ambazo daktari wa upasuaji wa ubongo aliyezoea huzifikia vizuri, kwa kufungua dirisha dogo la mfupa nyuma ya mstari wa nywele, juu ya sikio. Kupona huchukua wiki kadhaa, kuna kovu, kuna uchovu, na kwa miezi michache kutafuna huweza kuuma. Faida yake ni kwamba klipu ikikaa vizuri, kazi imekwisha kwa walio wengi. Koili zina tabia ya kujikandamiza na kuacha nafasi kwenye shingo: kati ya anyurizimu 100 zilizowekwa koili, kama 20 hufunguka tena kiasi fulani, na kama 10 huhitaji kutibiwa mara ya pili. Ndiyo maana mwenye koili lazima apigwe picha baada ya miezi 6 hivi, tena baada ya mwaka au miaka miwili, na kuendelea kwa kadiri daktari atakavyoona.

Wanaosema njia ya mrija imethibitishwa kuwa bora kuliko kupasua kwa kawaida wanaurejelea utafiti uliotolewa mwaka 2002, uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 2,143. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki au kubaki tegemezi walikuwa takriban 24 kati ya 100 upande wa koili, na 31 kati ya 100 upande wa klipu. Ni utafiti mzuri, nao ulibadilisha kazi yetu. Lakini wagonjwa wale wote walikuwa wamekwisha kupasukiwa. Wewe hujapasukiwa, kwa hiyo utafiti huo hauwezi kuchukuliwa mzimamzima na kuwekwa juu yako. Kwa watu wa hali yako, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti zaidi ya 100, ulipata kwamba matatizo katika siku 30 za kwanza yaliwapata takriban watu 5 kati ya 100 waliotibiwa kwa njia ya mishipa, na 8 kati ya 100 waliopasuliwa, ingawa vifo vilikuwa vichache mno pande zote mbili: kama 3 kati ya 1,000 kwa mrija na 1 kati ya 1,000 kwa klipu. Si matatizo yote hayo yanayoacha ulemavu, lakini yamo kiharusi, kupasuka kwa anyurizimu wakati wa kazi, na damu kuvuja pale mshipa ulipotobolewa. Kuna na madogo ambayo hayatajwi sana: figo kusumbuliwa na dawa ya picha, na mabaka ya nywele kunyonyoka kwa muda kutokana na mionzi ya muda mrefu.

Weka namba hizo kando ya zile za mwanzo na utaona ugumu wa uamuzi wako. Tiba ina hatari ya 5 mpaka 8 kati ya 100, na unailipa leo. Kusubiri kuna hatari ya mtu mmoja mpaka watatu kati ya 100 kwa miaka 5, lakini unailipa kidogokidogo maisha yako yote, na ikitokea ni kubwa. Kwa umri wako, mahali ilipo, na habari ya mama, maoni yangu yanaelemea upande wa kuitibu, kwa utulivu, baada ya presha kutengemaa, mikononi mwa timu inayofanya koili na klipu zote mbili. Timu yenye ujuzi wa njia moja tu, kwa kawaida ya kibinadamu, itakushauri njia hiyo. Kama picha zitaonyesha umbo laini na mdomo mgumu kuufikia, kufuatilia kwa picha ya mishipa kila baada ya miezi 6 hadi 12 ni uamuzi wa heshima pia, nami nisingeupinga.

Kuhusu safari, nakushauri usianze na India. Anza na kliniki ya upasuaji wa ubongo au ya mishipa ya fahamu hapo hospitali ya rufaa ya KCMC, uombe rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, jijini Dar es Salaam, ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mtambo wa angiografia, yaani wa kuona mishipa ya damu kwa eksirei, kwa kazi hii. Kabla ya kupanda basi mwombe daktari wako awapigie simu, awaulize ni nani atakayekuona na kama vifaa vya aina unayohitaji vipo kwa sasa, maana koili na stenti huagizwa kutoka nje. Uliza bima yako inalipia nini, na nini haikilipii, ukipewa jibu kwa maandishi. Chukua CD ya picha zako zote, ya CT ya kwanza na ile ya mishipa, kwa sababu ripoti ya ukurasa mmoja haimtoshi mtu anayepaswa kupima upana wa mdomo wa anyurizimu.

Kama baada ya hapo mtaamua kwenda nje, basi ndugu zako wachangie hesabu nzima. Michango ya kundi la WhatsApp kwa kawaida huhesabu tiketi, hospitali na malazi ya msindikizaji, ikaishia hapo. Picha za marudio zitapigwa wapi, na nani atazisoma? Clopidogrel ya miezi 6 itapatikana Moshi kila mwezi? Likitokea tatizo wiki ya tatu, faili iko kwa nani? Kwa mgonjwa ambaye marudio yake ni ya shida, klipu ina thamani ambayo makala za kusifia teknolojia haziitaji, na ningependa muijadili kwa uzito bila kuiogopa kwa sababu ya neno kupasua.

Wakati huohuo kuna tiba inayoanza leo jioni. Meza dawa ya presha kila siku, saa ileile, ukijisikia vizuri au vibaya. Presha haina dalili za kuaminika, kwa hiyo kujisikia vizuri si ishara kwamba umepona. Kama kilichokufanya uache ni miguu kuvimba, kikohozi, au kizunguzungu, mwambie daktari abadilishe, zipo aina nyingi. Pima nyumbani au duka la dawa mara chache kwa wiki na uandike. Kwa kuanzia tunataka iwe chini ya 140/90, na wengi wetu tungependa ikaribie 130/80. Punguza chumvi, na kama unavuta sigara, acha. Kwaya endelea nayo, hakuna sauti ya kwanza wala ya pili iliyokatazwa. Kuinama, kufagia, kufundisha, kupanda ndege na tendo la ndoa havikatazwi. Mkungu mzima wa ndizi, ule wa kubana pumzi na kukaza shingo, waachie vijana kwanza, na usiache choo kikawa kigumu.

Wadogo zako na kaka zako wanahitaji mazungumzo ya peke yao. Mtu mwenye ndugu wawili wa damu wa karibu, yaani mzazi na ndugu wa tumbo moja, waliopata tatizo hili hushauriwa kupimwa kwa picha ya mishipa. Kama mama alifariki kwa jambo hili, wao wanaangukia hapo. Kwa watoto wako uzito ni mdogo kidogo, na kabla hawajafikia utu uzima hakuna haja ya haraka. Jambo moja rahisi: fanya ultrasaundi ya figo. Ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vya maji huenda pamoja na presha na anyurizimu, na kipimo hicho kinapatikana mjini Moshi na Arusha bila safari yoyote.

Mwisho, ya dharura. Mweleze mumeo, au yeyote unayeishi naye, mambo haya mawili kwa maneno ya wazi. La kwanza ni kichwa kinachouma ghafla, kufikia kilele chake ndani ya sekunde au dakika moja, kikali kuliko maumivu yote uliyowahi kuyapata, pamoja au bila kutapika, shingo kukaza, degedege au kuzimia. La pili linakuhusu wewe hasa kwa sababu ya mahali pa anyurizimu yako: kope la jicho la kushoto kushuka, mboni ya jicho hilo kutanuka, au kuanza kuona vitu viwiliviwili, hata kama kichwa hakiumi. Mshipa wa fahamu unaoendesha jicho unapita jirani kabisa na anyurizimu yako, na ukianza kubanwa maana yake ni kwamba anyurizimu inabadilika. Likitokea lolote kati ya hayo, iwe saa 8 usiku, usimeze aspirini, usinywe chai wala uji, usingoje kupambazuke. Nenda moja kwa moja KCMC kwa gari, si kwa bodaboda, na neno la kwanza mtakalosema mapokezi liwe kwamba una anyurizimu inayojulikana, huku CD ikiwa mkononi. Damu ikivuja, saa 24 za kwanza ndizo zenye hatari kubwa ya kuvuja mara ya pili, na picha ya CT huisoma vizuri zaidi ikipigwa ndani ya saa 6.